Injini mpya haivuti: namna ya kutafuta nguvu zilizopotea

Bloki imechongwa, pistoni za fojdi (za kufuliwa) zimeingia, tabo kubwa (feni inayosukumia injini hewa) imefungwa, hela imeisha, na gari bado linapanda Kimara kwa kujivuta. Wazo la kwanza linalomjia mwenye gari na fundi wake ni kufungua injini tena. Msifungue bado. Injini iliyochakaa hupoteza nguvu kwa sababu vyuma vyake vimelika. Injini iliyojengwa juzi hupoteza nguvu pale mikono ilipogusa: mkanda wa taimingi, soketi zilizochomolewa, mipira ya hewa, upenyo wa valvu (nafasi kati ya valvu na kamshafti, shafti inayoifungua), namba zilizoandikwa kwenye ECU (kompyuta ya injini). Karibu vyote hivyo vinapimika hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) ikiwa bado imefungwa, na kila kipimo kina namba yake. Fundi anayebadilisha plagi, koili na pampu siku hiyohiyo hatajua kilichoponya gari, na likirudi kuumwa ataanza upya.

Mifano mingi hapa ni ya 1JZ-GTE na 2JZ-GTE, injini za tabo za Toyota ambazo watu hupenda kuzijenga kwa ajili ya Mark II, Chaser na Altezza. Mpangilio wa kazi ni uleule kwa EJ20 ya Subaru au 3S-GTE. Vifaa unavyohitaji ni geji ya kompresheni, geji ya presha ya mafuta, multimita, taa ya taimingi, filageji (vibamba vya kupimia upenyo), kompresa ya hewa na sensa ya lambda ya waidibendi (inayosoma kwenye moshi uwiano wa hewa na mafuta). Hiyo ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote, lakini kutyuni (kupanga namba za ECU) injini ya tabo bila hiyo ni kuitafutia pistoni tundu.

Je, kosa ni la injini kweli?

Anza na klachi. Ukiwa gia ya nne kwenye spidi ya kama kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Resi (mizunguko ya injini kwa dakika) zikipanda na spidi ikabaki nyuma, klachi inateleza na injini haina kosa. Klachi iliyokuja na gari lisilo na tabo haitahimili 1JZ iliyopandishwa busti (presha ya hewa ya tabo), hata ikiwa mpya. Kisha piga jeki na uzungushe kila tairi kwa mkono. Breki inayong'ang'ania hula nguvu nyingi, na rimu yake utaikuta ya moto kuliko nyingine baada ya kilomita chache tu.

Halafu zima injini, mtu akanyage pedeli hadi mwisho, wewe uangalie ndani ya throtali (mlango wa hewa ya injini). Kipepeo lazima kilale kabisa. Kebo iliyolegea au zulia nene chini ya pedeli huacha robo ya njia ikiwa imefungwa, na mtu hutumia wiki nzima akiilaumu tabo. Kwenye sensa ya throtali, volti zipande bila kurukaruka kutoka kama 0.5 hadi karibu 4. Soma na kodi za hitilafu pia. Kwenye 1JZ na 2JZ za zamani unaunganisha TE1 na E1 kwenye boksi la dayagnosisi, unawasha swichi, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa.

Jambo jingine ni hewa ya Dar. Joto la nyuzi 32 likilinganishwa na nyuzi 20 linapunguza uzito wa hewa kwa asilimia 4 hivi. Unyevu wa asilimia 65 katika joto hilo unachukua nafasi ya asilimia 3 nyingine. Injini isiyo na tabo iliyotoa farasi 200 kwenye hewa kavu ya baridi itatoa karibu 186 hapa mchana wa Februari, bila kuwa na ugonjwa wowote. Kama upungufu wako ni wa kiasi hicho, shughulikia njia ya hewa baridi na intakula (kipoza hewa ya tabo).

Nguvu zinakata lini?

Swali hili lina thamani kuliko skana yoyote. Rekodi kwenye ECU resi, presha ya manifoldi, throtali, joto la hewa, digrii za taimingi, lambda, noki (mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda), asilimia ya muda injekta iko wazi na volti za betri. Vuta gia ya pili kutoka resi 2,500 hadi karibu na mwisho, kwenye eneo lililofungwa na lililoruhusiwa, isiwe Barabara ya Mandela usiku.

Gari likiwa zito chini na kupona kidogo juu, shuku kamshafti zilizochelewa. Likivuta vizuri chini na kufa juu huku lambda ikionyesha mafuta kidogo, tatizo liko kwenye pampu, chujio au injekta. Likifa juu huku mafuta yakiwa mengi, na gari linatumia sensa ya mtiririko wa hewa, kuna hewa inayopimwa kisha ikavuja kabla ya kufika kwenye silinda. Likikatakata ghafla busti inapopanda, cheche inazimwa. Likivuta mara ya kwanza na kulegea mara ya tatu, joto la hewa linapanda au ECU inarudisha taimingi nyuma kwa sababu ya noki. Na likiwa na nguvu likiwa baridi, halafu likalegea na kumisi (kuruka mipigo) likiwa la moto, nenda moja kwa moja kwenye upenyo wa valvu. Hili la mwisho lina sehemu yake hapa chini kwa sababu ndilo linaloponyoka mafundi wengi.

Taimingi, ya mkanda na ya cheche

Zungusha kranki kwa spana kuelekea upande wake wa kawaida, raundi mbili kamili, kisha angalia alama zote upya. Alama zilizokaa sawa siku ya kufunga zinaweza kuhama tensha ikishakaza mkanda. Ukubwa wa kosa unahesabika: gawanya 720 kwa idadi ya meno ya puli ya kamshafti. Puli ya meno 48 inakupa digrii 15 za kranki kwa jino moja, na kiasi hicho kinatosha kuua nguvu bila kugonganisha valvu na pistoni. Kwenye EJ20 kuna kamshafti nne na mkanda mrefu, kwa hiyo hesabu meno kati ya alama na alama kama kitabu kinavyoelekeza. Macho peke yake hayatoshi.

Utasikia pia hoja kwamba hedi ilichongwa, ndiyo maana taimingi imehama. Kuchonga nusu milimita kwenye injini ya mkanda huchelewesha kamshafti kama digrii moja tu ya kranki. Inafaa kurekebishwa kwa puli za kurekebishika, lakini haiwezi kueleza gari lililopoteza theluthi ya nguvu zake.

Kwa cheche, chukua taa ya taimingi. ECU ya kiwandani ya 1JZ au 2JZ, ukiunganisha TE1 na E1 injini ikiwa ya moto na kwenye saileni (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Ukiwa na ECU ya kutyuni, ifunge kwenye digrii 10 au 15, kisha hakikisha taa inaonyesha namba ileile ya kwenye laptopu. Panda hadi resi 4,000 uangalie tena. Alama ikisogea kadiri resi zinavyopanda ilhali umeifunga, waya mbili za sensa ya kranki ya sumaku zinaweza kuwa zimegeuzwa. Hiki ni kipimo cha dakika kumi, na injini nyingi zinazosemekana hazikujengwa vizuri zimekosewa hapa tu: mapu (jedwali la namba ndani ya ECU) inaamini inatoa digrii 18 kumbe cheche inapiga kwenye 8.

Kompresheni na uvujaji

Pasha injini, chomoa fyuzi ya EFI na soketi za koili, toa plagi zote, betri iwe imejaa chaji, throtali iwe wazi kabisa. Zungusha stata hadi geji isimame, kwa kawaida mipigo sita hadi minane. Andika namba ya kila silinda. Kwa 2JZ-GTE, kitabu cha Toyota kinataja takriban psi 156, isishuke chini ya 128, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Angalia tofauti kabla ya kuangalia kimo. Kamshafti za mashindano hufunga valvu za kuingiza hewa kwa kuchelewa, kwa hiyo namba zote hushuka pamoja na injini ikawa nzima. Gasketi nene nayo hushusha: silinda ya milimita 86 kwa 86 yenye uwiano wa mgandamizo wa 8.5, ukiiongezea milimita 0.7 za gasketi, inashuka hadi karibu 8.1. Utalisikia hilo kidogo tabo ikiwa haijaamka, lakini halitakunyang'anya farasi 60.

Tazama pia namna sindano inavyopanda. Ikianza chini na kupanda taratibu kila mpigo, ringi hazijakaa. Ikianza chini na kubaki palepale, shuku valvu. Kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi kitathibitisha: namba ikiruka juu, ni ringi. Kwenye EJ20 usikiamini sana kipimo hiki, maana silinda zimelala na oili hukusanyika upande mmoja wa pistoni.

Silinda iliyoonyesha udhaifu ipime kwa hewa. Weka pistoni kwenye kilele cha mgandamizo, zuia kranki isizunguke, ingiza psi 100, usome asilimia inayovuja. Injini mpya iliyokwisha kutembea inatakiwa kuwa chini ya asilimia 10. Kisha sikiliza. Hewa ikitokea throtali, ni valvu ya kuingiza. Ikitokea bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Ikitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi au ufa.

Ikiwa ni ringi na gari lina kilomita mia mbili, subiri kabla ya kuhukumu. Ringi hukalishwa na presha ya mwako, siyo na saileni. Kuiacha injini mpya inanguruma gereji nusu saa nzima ndiko kunakosugua silinda hadi zing'ae bila kuzibika. Tumia oili ya madini isiyo ya sintetiki, endesha kwa mzigo wa kati, kanyaga na kuachia, resi zikibadilikabadilika, umwage oili baada ya safari ya kwanza na tena kwenye kilomita 500. Pima tena hapo.

Valvu isiyofunga injini ikipata moto

Hedi ikipelekwa kwa fundi wa mashine na siti za valvu zikasagwa, valvu inazama ndani zaidi na shina lake linatokeza zaidi upande wa kamshafti. Upenyo uliokuwepo unapungua kwa kiasi kilekile. Kwenye injini za shimu (visahani vya kupangia upenyo) kama 2JZ, hakuna kitu kinachojirekebisha chenyewe. Kiwango chake, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 za kutolea. Fundi akirudisha shimu zilezile za zamani, unaweza kukuta 0.05 au sifuri kabisa. Injini ikiwa baridi valvu inagusa siti na kompresheni ni nzuri. Ikipata moto shina linarefuka, valvu inaning'inia wazi kidogo, nguvu zinavuja, na ukiendelea hivyo valvu ya kutolea inaungua ukingo.

Kwa hiyo pima valvu zote 24, injini ikiwa imelala usiku mzima, na uandike kila namba. Fungua mifuniko ya kamshafti tu, hedi haiguswi. Shimu mpya unaipata kwa kuchukua unene wa ya zamani, kujumlisha upenyo uliopima na kutoa upenyo unaoutaka. Kama shimu ni ya milimita 2.80, umepima 0.10 na unataka 0.30, tafuta ya 2.60. Kabla ya kwenda Kariakoo kununua, panga zote mezani. Mara nyingi shimu ya valvu moja inaifaa nyingine, na utanunua chache kuliko ulivyodhani.

Hewa

Ili kutafuta mvujo, mkerezaji wa pale Gerezani, Dar, atakukerezea kizibo cha alumini chenye kipenyo cha mdomo wa tabo. Toboa, funga valvu ya tairi, kaza kwa klampu. Usitumie kofia ya plastiki ya bomba la maji: ikipasuka kwa presha ya hewa hurusha vipande. Ingiza hewa taratibu kuanzia bar 0.3 hadi kiwango cha busti unachotaka kuendesha, usizidi 1.5, wala usisimame mbele ya kizibo. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungio vya intakula, oringi za injekta, mhimili wa throtali, mpira wa busta ya breki na valvu ya kutolea hewa. Ukisikia hewa kwenye mfuniko wa oili, valvu ya PCV (inayopitisha mvuke wa oili kurudi injini) haizuii hewa kurudi. Kiungio cha silikoni kilichofungwa na mkono wenye oili kitashika leo na kuchomoka kesho kwenye bar moja, kwa hiyo futa pande zote mbili kabla ya kukaza.

Busti isipofika, chomoa mpira wa westigeti (kilango kinachopunguzia tabo moshi) na uingize hewa kidogo kwa geji, uone mkono unaanza kusogea kwenye bar ngapi. Kwenye 2JZ-GTE yenye tabo mbili zinazopokezana, mipira miwili midogo ikibadilishana nafasi inatosha kuizuia tabo ya pili isiamke. Fuata mchoro wa kitabu mpira kwa mpira. Tabo za 1JZ zenye gurudumu la seramiki nazo hazipendi busti iliyozidi, gurudumu hukatika na kilichobaki hakisukumi kitu.

Upande wa kutolea, katalisti (kisafisha moshi) ya mtumba iliyomeguka ndani huziba kimyakimya. Geji kwenye tundu la sensa ya oksijeni isizidi psi 1.25 kwenye saileni na psi 3 kwenye resi 2,500. Sensa za Toyota zinazofungwa kwa bolti mbili zitahitaji kipande cha bamba kilichotobolewa.

Mafuta

Chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta): presha ya msingi kwenye injini nyingi ni bar 3 hivi. Ukirudisha mpira, presha lazima ipande sawasawa na busti. Bar 1 ya busti idai bar 4 ya mafuta, na ikibaki 3.4 injekta zinapigana na hewa. Bandika geji mahali abiria anaweza kuisoma gari likivuta, maana kwenye saileni pampu yoyote inaonekana nzima.

Presha ikianguka, pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe, gari likiwa na mzigo. Unataka zisipungue kwa zaidi ya nusu volti ukilinganisha na betri. Magari haya yana waya nyembamba za miaka 25 au zaidi, na baadhi yana mfumo unaopunguza volti za pampu makusudi mzigo ukiwa mdogo. Mfumo huo ukigoma, pampu mpya ya bei kubwa itaendelea kupata volti 9. Waya nene kutoka betri kupitia rilei na fyuzi, na graundi nzuri, humaliza tatizo hilo.

Hesabu pia kama injekta zinatosha. Injini ya tabo inahitaji takriban cc 6.3 kwa dakika kwa kila farasi. Injekta sita za cc 380, kwa asilimia 85 ya uwezo, zinabeba farasi kama 308. Ukitaka 400 hutazipata hapo kwa kutyuni. Lambda kwenye mzigo kamili iwe kati ya 11.0 na 11.8 (uzito wa hewa kwa uzito mmoja wa petroli), na kwa injini isiyo na tabo 12.5 hadi 13.2. Moshi ukivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huingia na kukudanganya kwamba mafuta ni machache.

Cheche na noki

Plagi yenye mwanya wa milimita 1.1 huzimwa na busti kubwa. Shusha hadi 0.7, na ikikata tena jaribu 0.6. Kwa namba za NGK, BKR7E ni baridi kuliko BKR6E, na herufi R ina maana kuna rezista ndani: multimita isome kama kiloomu 3 hadi 7.5 kutoka juu hadi kwenye elektrodi ya kati. Inayosoma sifuri, au isiyosoma kabisa, ni mbovu au feki, irudishe dukani. Mpangilio wa kuwaka wa JZ ni 1-5-3-6-2-4, wa EJ20 ni 1-3-2-4. Graundi ya hedi iliyosahaulika nayo hudhoofisha koili zote sita pamoja.

Noki ya uongo ni ugonjwa wa injini iliyojengwa hasa. Pistoni za fojdi za aloi ya 2618 hutanuka sana, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa, na zikiwa baridi hugonga ukuta wa silinda. Sensa inasikia, ECU inaogopa, inarudisha taimingi. Mabano ya chuma yanayogusa bloki au sensa iliyokazwa kupita kiasi huleta kelele ileile. Lakini usizime sensa kwa kudhani ni uongo. Pasha injini kabisa, punguza digrii 3 kwenye mapu, vuta tena. Noki ikipotea, ilikuwa ya kweli, na pengine mapu iliandikwa kwa petroli nzuri kuliko uliyo nayo: premium ya Japani huanzia RON 96 (kipimo cha petroli kuhimili noki). Ikibaki vilevile, ni kelele ya chuma.

Ikibidi kufungua

Fungua tu pale kipimo cha hewa kimeonyesha silinda ipi na upande upi. Pitisha kwanza kamera ndogo kupitia tundu la plagi, uangalie mikwaruzo na alama za valvu juu ya pistoni. Ukifika kwenye ringi, isukume kila moja ndani ya silinda yake na upime mwanya. Kwa tabo ya barabarani zidisha kipenyo kwa 0.0045 hadi 0.005, yaani 0.39 hadi 0.43 kwa milimita 86, ila karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Nukta au neno TOP kwenye ringi ya pili litazame juu. Mwambie fundi wa mashine akupe kipenyo cha kila silinda kwenye vimo vitatu na pande mbili, kwa maandishi, na umuulize kama alihoni (alisugua kuta za silinda) bamba nene la kuigiza hedi likiwa limekazwa juu ya bloki. Bila bamba, silinda iliyo duara mezani hupinda hedi ikikazwa, na ringi bora kuliko zote hazitaiziba.